Nywele za Chumba cha Waridi

Niyatoe kwanza maneno makali, tumalizane nayo. Ukiingia chumba cha mgeni na vile vidude vya muziki masikioni, wewe si mtu wa vyumba, wewe ni mpita njia aliyeshika ufagio. Chumba husikilizwa. Bomba linalovuja, dirisha lililolegea, mgeni ambaye bado yuko bafuni nawe umeshaingia na mashuka mkononi: yote hayo sikio huyapata kabla ya jicho. Nilimwambia hivyo mjukuu wangu, aliyepata kazi ya likizo kwenye hoteli moja hapa Houston. Akanijibu, "Bibi, it's just cleaning." Siku ile sikumrudishia neno kwa sababu nilikuwa nakaanga mahamri, na mafuta ya moto hayasubiri hasira za mtu. Sasa namjibu yeye pamoja na nyinyi wote mnaoshuka basi asubuhi pale Gulfton na sare ambazo bado zina mikunjo ya dukani.

Mimi ni Mama Kadzo. Kwetu ni Kaloleni, pwani ya Kenya, ingawa magoti yangu nayahesabu kuwa ya Texas, maana huku ndiko yalikochakaa. Nimetandika vitanda vya watu mpaka nilipostaafu. Siku hizi nakaa kwa binti yangu Sugar Land, ambako kitanda changu nakitandika ovyo na hakuna mtu wa kunikagua. Raha yake siwezi kuwaeleza.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa Mama Kapinga, Mkongomani wa Lubumbashi, kwenye hoteli kubwa ya kando ya barabara kuu kule Lewisville, karibu na Dallas. Alikuwa mfupi, na sauti yake ilitosha jengo zima. Wiki yangu ya kwanza alikuwa akiingia kila chumba nilichomaliza, anashika shuka pembeni, anavuta, kazi yangu yote iko chini. Nilimchukia kwa dhati. Siku moja nikamuuliza nimemkosea nini. Akasema, "Mama Kadzo, mugeni anaona kitanda mbele ya kukuona weye. Kama drap iko na makunjo, njo sura yako ile." Tangu hapo kila nikiona shuka lenye kunjo najiona mimi mwenyewe nimenuna.

Alinifundisha kufuta vumbi kuanzia juu nikishuka chini, maana vumbi halipandi. Alinifundisha nikimaliza bafu nifunike choo, nikae juu ya kifuniko na kutazama huku na huku, kwa sababu mgeni atakaa hapo hapo, hana kazi nyingine, na ataona kila unywele uliobaki nyuma ya mlango. Jaribuni leo, mtanishukuru. Na alinifundisha neno moja ambalo nililishika kuliko yote: kitu chenye kifuniko si chako. Sanduku, mkoba, kopo, chupa, futa nje, kirudishe kilipokuwa, nenda zako.

Binti yangu alipopata kazi ya uuguzi Houston nikamfuata, na hapo ndipo nilipoingia katika ile nyumba. Iko mbele ya Sugar Land, pale maduka yanapokwisha na malisho ya ng'ombe yanapoanza. Ilikuwa nyumba ya familia moja ya kitajiri tangu enzi za mashamba ya miwa, ina nguzo nyeupe mbele, na nyuma kuna ngazi nyembamba ya giza ambayo watumishi wa zamani walilazimishwa kupita wasionekane. Sisi tulipita ngazi ya mbele. Bi Lorraine, mwenye nyumba, ndiye aliyesema hivyo siku yangu ya kwanza, kwamba ile ya nyuma ameifunga na hataki kumwona mtu huko. Nilimpenda kidogo kuanzia hapo, ingawa alikuwa mkali na mchoyo wa sabuni.

Yeye ndiye mtoto wa mwisho wa ukoo ule, hakuolewa wala hakuzaa. Paa lilipoanza kuvuja hakuwa na njia nyingine ila kuigeuza nyumba kuwa ya wageni wa kulala. Vyumba akavipa majina ya maua. Watu walikuja kutoka Dallas na Houston kuoana pale, kupumzika, au kugombana mahali pazuri.

Nyumba ya zamani si hoteli, mnisikilize vizuri hapa. Sakafu yake haimwagiwi maji, hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka kimekaribia kukauka. Vioo vya madirisha yake vina mawimbi, na ukivisugua kwa nguvu ili mawimbi yaondoke utabaki na fremu. Beseni la kuogea lina miguu ya simba, na chini yake ndiko wageni wanakoangusha hereni. Na mbao za vitanda zina dawa yake maalumu ya kung'arishia. Mimi, mtu wa Kaloleni, niliona harufu ya dawa ile haifai, nikachukua mafuta yangu ya nazi nikakipaka kitanda cha maharusi mpaka kikawaka. Sisimizi wa Texas hawajawahi kuona neema kama ile. Walipanda miguu yote ya kitanda kwa mstari, na bwana harusi alishuka sebuleni amejifunga taulo. Bi Lorraine aliwahamisha chumba, akanipa ndoo, na kwa muda mrefu akinusa nazi popote alinitazama mimi.

Nimeisimulia hiyo ili mjue kwamba ninapofika kwa Zuhura simsimulii kwa kujiona bora.

Zuhura ni Mzanzibari, wa Unguja mjini. Alikuja kwetu tayari mtu mzima, mcheshi, na mtu wa usafi wa kupindukia. Akimaliza chumba unaogopa kukanyaga. Mimi ndiye niliyemfundisha nyumba ile, na nilimfundisha yote ya Mama Kapinga isipokuwa lile la kifuniko. Sikuliona la kusema. Nilidhani kila mtu amezaliwa nalo.

Katika Chumba cha Waridi, ambacho kilikuwa cha mama yake Bi Lorraine, kulikuwa na meza ya kujipambia yenye kioo, na juu yake chombo kidogo cha udongo mweupe wa China, kimechorwa maua, na kifuniko chake kina tundu katikati. Bi Lorraine alikuwa ametuambia tukifute vumbi na tusikihamishe. Nimekifuta miaka yote nilipokuwa pale bila kujua kina nini. Nilidhani ni cha poda.

Jumamosi moja Zuhura aliomba ruhusa akaenda Lewisville kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Alimaliza vyumba vyake usiku wa kuamkia siku hiyo, akaondoka alfajiri. Asubuhi ile mimi nilikuwa nakunja taulo, nikamwona Bi Lorraine kupitia dirishani. Alikuwa uani kwenye mapipa ya taka, amevaa ndara za nyumbani, mikono imo ndani mpaka kwenye viwiko, anatoa makapi ya kahawa na karatasi chafu na kuyaweka majanini. Nilitoka mbio. Nilidhani akili imemruka.

Aliniuliza bila kunitazama nani aliyesafisha Chumba cha Waridi. Nikasema Zuhura. Akasema chombo cha mama yake ni kitupu. Nikauliza kilikuwa na nini, na hapo ndipo akaketi kwenye kidaraja cha mlango, na mikono yake michafu vile vile, akanieleza. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili, lakini mtie ndani ile sauti ya Texas ya kuvuta.

Zamani, alisema, wanawake wa kwao walikuwa wakichana nywele, zile zinazobaki kwenye chanuo wanazisokomeza kwenye chombo kama kile kupitia tundu la kifuniko. Walizitumia kujazia nywele zao wakizifunga. Desturi hiyo ilishakufa, lakini mama yake aliirithi kwa mama yake na hakuiacha. Halafu mama akaugua, dawa zikamtoa nywele zote, akazikwa na kilemba. Zile za kwenye chombo, nyekundu kama kutu, ndizo zilizobaki. Bi Lorraine alipokipangisha chumba hakuweza kukiondoa chombo pale mezani, maana aliona kama anamtoa mama yake nyumbani. Asubuhi ambazo chumba hakina mgeni alikuwa akipanda, anafungua, anaziangalia, anashuka kufanya hesabu za watu.

"Gari la taka limepita saa moja, humu ni za leo tu," akaniambia. "Amemtupa mama yangu kwenye taka, Mama Kadzo. Sitaki kumwona tena katika nyumba hii."

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na Zuhura hakuwapo. Nilisimama pale na taulo begani. Ningenyamaza, mambo yangeisha hapo: yeye angerudi Jumatatu na kukuta mlango umefungwa, na hakuna hoteli inayomchukua mtu aliyefukuzwa kwa kutupa mali ya mwenye nyumba. Lakini kuna jambo lilinikataa moyoni, na lilichukua muda kidogo kupata umbo. Nywele. Zuhura afungue chombo, akute nywele za mtu, azitupe kwenye pipa la taka? Mwanamke wa pwani?

Nyinyi mliozaliwa huku hamjui, basi niwaambie. Kwetu nywele za mtu hazitupwi. Bibi yangu Kaloleni alikuwa akitusuka, zinazoanguka anazikusanya moja moja, anazifukia. Kucha vile vile. Wengine watasema ni kwa hofu ya mchawi asizitwae akakufanyia ubaya, na hofu hiyo ipo, sitawadanganya. Lakini zaidi ni heshima. Kilichotoka mwilini mwa mtu bado ni chake, huwezi kukichanganya na maganda ya viazi. Waislamu wa Unguja na sisi watu wa Kaloleni tunatofautiana katika mengi, lakini hilo tunalo sote.

Nikamwambia Bi Lorraine, "Nipe dakika nimpigie. Mimi naamini hazikutupwa."

Akanitazama kwa namna ambayo sitaki kutazamwa tena. Nilikuwa nimempa tumaini, na kama nimekosea ningekuwa nimemuumiza mara ya pili.

Simu ikaita, haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikapiga tena, huku nawalaani wapiga ngoma wote wa Lewisville. Mwishowe akapokea, kelele za harusi nyuma yake.

"Zuhura, kile chombo cha Chumba cha Waridi ulikifungua?"

"Ee, Mama. Mbona sauti yako hivyo? Kuna nini?"

"Vilivyokuwemo viko wapi?"

"Nywele? Nimezistiri, Mama. Nywele za mtu ziko pale, kila aliye-book chumba anaweza kuzishika. Nikaona haya mimi. Nikadhani wamezisahau. Kwani n'mekosea?"

"Umezistiri wapi, mwanangu?"

"Kwenye mpekani, ule mti wa nyuma ya nyumba, upande wa ukutani. Nimezitia kwenye kofia ya kuogea, ile tunayowawekea wageni, nikafunga fundo, nikaweka na tofali juu. Nikamwombea na dua. Lakini hilo usimwambie."

Niliketi. Bi Lorraine hakuelewa hata neno moja, lakini aliusoma uso wangu, akashika mkono wangu akauliza wapi.

Lakini msidhani iliishia hapo. Mvua ya Houston ilikuwa imenyesha usiku kucha, ile inayojaza mitaro. Na huku kuna mnyama mwenye gamba mgongoni, anafanana na kakakuona wetu, hufukua majani akitafuta wadudu. Tulipofika nyuma ya nyumba, chini ya ule mti wa pekani palikuwa pamechimbwa mashimo kama ya mtu anayetafuta hazina. Bi Lorraine akasimama. Nilimsikia anavuta pumzi asiitoe.

Nilipita kati ya mashimo, nikazunguka upande wa ukutani. Tofali lilikuwepo. Mnyama alikuwa amekwangua pembeni yake akachoka. Sikuwa na jembe, nilikuwa na mwiko wa uji niliounyakua jikoni nikipita, na kwa mwiko huo huo nikachimba huku nimepiga magoti kwenye tope na sare yangu nyeupe. Hapakuwa na kina. Ikatoka ile kofia ya plastiki, imefungwa fundo la Kizanzibari lisilofunguka. Niliipangusa kwa aproni nikampa.

Alilifungua fundo kwa meno. Ndani hamkuingia hata tone. Nywele zilikuwa kavu, nyekundu, zimeviringana kama alivyoziacha mama yake. Bi Lorraine akazitia usoni, akalia kwa sauti, mimi nikacheka kwa sauti, na mgeni mmoja aliyekuwa akinywa kahawa barazani akachukua kikombe chake akaingia ndani. Sijawahi kufurahi namna ile kazini. Ilikuwa kama nimezipata za mama yangu.

Alipotulia aliuliza kwa nini. Kwa nini mtu azifukie? Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Alisikiliza huku ameziweka mapajani, na tope limemjaa mpaka kwenye ndara.

"Kwa hiyo alimzika," akasema. "Mimi nilidhani amemtupa, kumbe alimzika."

"Alimstiri," nikamwambia, na neno hilo nikamwachia kwa Kiswahili, maana sikupata la kwao.

Zuhura alirudi Jumatatu na zawadi ya halua mkononi na macho yamevimba. Nilikuwa nimeshamweleza kwenye simu, na njia nzima kutoka Lewisville alikuwa akijiandaa kufukuzwa. Bi Lorraine alimkaribisha jikoni, akamuuliza kwanza habari za harusi, bibi harusi alivaa nini, walikula nini. Kisha akamwambia kwamba chombo kile sasa kitakaa chumbani kwake mwenyewe. Zuhura akaomba radhi, naye akasema kosa lilikuwa lake pia, kwa kuwa alisema kisihamishwe na hakusema kwa nini. Nami nikaongeza la kwangu kuhusu vifuniko. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini jikoni siku ile sote watatu tuligundua za kwetu zilikuwa zimepungua. Tukala halua. Bi Lorraine alisema ni tamu kupita kiasi, akaomba kipande kingine.

Hilo ndilo ninalomjibu mjukuu wangu. Ukiingia chumbani kwa mtu unaingia katikati ya maisha yake, na mengi humo hutayajua. Kuuliza si ujinga. Hata wema, mwanangu, uulize kwanza.

Nimebakisha kidogo. Siku yangu ya mwisho kazini Bi Lorraine alituita mimi na Zuhura nyuma ya nyumba. Alikuwa amezeeka, anatembea na fimbo, na mkono wa pili ameshika kile chombo.

"Mimi sina mtoto," akasema. "Nikifa atakuja mtu kufungua vitu vyangu. Atakuta hizi, atakunja uso, na mara hii zitakwenda kwenye taka kweli. Zuhura, nionyeshe ulipokuwa umemweka."

Zuhura alivua kiatu kimoja, akasafisha majani kwa mguu, akaonyesha. Alichimba yeye, safari hii kwa jembe la bustani. Bi Lorraine alitaka kofia ya kuogea tena, ile ile ya wageni, akazitia ndani kwa mkono wake, na Zuhura akafunga fundo. Tofali nililiweka mimi. Bi Lorraine akamwambia Zuhura kwa sauti ndogo asome ile dua yake. Zuhura akanigeukia kwa macho makali, na naapa mbele yenu kwamba sikumwambia mimi. Nadhani Bi Lorraine alimsikia mwenyewe siku moja akiomba dua chumbani. Dua ikasomwa, nami nikaitikia amina ya Kikristo.

Bi Lorraine alibaki amesimama kidogo, halafu akavuta pumzi ndefu akaitoa yote. "Hilo limekwisha," akasema, na kwenye ngazi ya kurudi ndani hakushika mkono wa mtu.

Chombo kikaoshwa kikarudishwa Chumba cha Waridi, mezani pale pale. Bi Lorraine, ambaye sasa si mchoyo hata wa sabuni, amekijaza peremende za wageni. Zuhura ndiye mkubwa wa vyumba, na nikienda kuwasalimu hunipandisha juu, hunisogezea kile chombo na kunikaribisha, amekaza uso asicheke. Sijachukua hata moja.